Kigari cha gofu kinaishiwa nguvu mlimani: tubadilishe betri mbili, sita, au tatizo ni chaja?

Swali

Habari za kazi. Nasimamia matengenezo kwenye hoteli ndogo ya watalii huku Usa River. Tuna kigari cha gofu cha umeme cha volti 48, betri sita za volti 8. Kilikuja kikiwa kimetumika kutoka Marekani pamoja na chaja yake ya umeme wa kule, kwa hiyo chaja tunaichomeka kwenye transfoma ya kushusha volti. Betri tulinunua mpya miaka miwili iliyopita. Zamani kilibeba mizigo ya wageni kutwa nzima. Sasa kikipanda mara tatu kwenda vyumba vya juu kinaanza kujivuta. Fundi amesema betri mbili za nyuma zimekufa, tubadilishe hizo tu. Leo asubuhi, baada ya kuchaji usiku kucha, nimepima moja moja: 8.20, 8.22, 8.19, 8.21, 7.71 na 7.68. Jumla ni 48.2, nikasema mbona 48 imetimia? Hizo mbili za mwisho ndizo tulizofungia taa na sehemu ya kuchajia simu. Maji tunaongeza ya bomba, tunayachemsha kwanza. Je, tununue mbili au sita? Ni kweli betri inatakiwa iishe kabisa ndipo ichajiwe? Na masika wageni wakipungua kigari hukaa hata miezi miwili, tukiache vipi?

Jibu

Ndugu yangu, usinunue betri hata moja kwanza. Hizo namba sita ulizoandika zimefanya zaidi ya nusu ya kazi, na zinaonyesha kuwa kigari chako kina magonjwa mawili kwa pamoja. La kwanza ni chaja, ambayo haizijazi betri zote sita. La pili ni taa na simu, zinazonyonya betri mbili peke yake. Ukifunga betri mbili mpya leo katika hali hiyohiyo, nazo zitashinda na njaa kama wenzao, na utarudi dukani mapema kuliko unavyodhani.

Tuanze na hiyo 48.2, maana inawapoteza wengi. Volti 48 ni jina la kigari tu, siyo kipimo cha betri zilizojaa. Betri ya risasi na asidi imegawanyika seli, yaani vyumba vidogo, na seli iliyojaa na kupumzika husoma volti 2.12 hivi. Betri yako ya volti 8 ina seli nne, kwa hiyo ikijaa inapaswa kusoma karibu 8.49, na sita kwa pamoja, yaani seli 24, karibu 50.9. Ikiwa na asilimia 80 betri moja husoma 8.33, ikifika nusu, 8.07, ikibaki asilimia 20, 7.77. Sasa weka namba zako hapo. Betri nne za mwanzo zipo kwenye asilimia 65 hivi. Mbili za mwisho zipo kati ya 10 na 15. Na hapo ni baada ya kuchaji usiku kucha! Jumla yako maana yake ni kwamba kigari kinatoka bandani asubuhi kikiwa chini kidogo ya nusu.

Vipimo hivyo vina maana tu kama betri zimepumzika angalau saa sita tangu chaja itoke na bila kigari kutembea. Kama ulipima mara baada ya kuchomoa, volti ulizoona bado zilikuwa za juujuu, na hali halisi ni mbaya kuliko nilivyoisoma.

Hizo mbili dhaifu, je, zimekufa? Seli ikipiga shoti ndani, betri hupoteza karibu volti 2 nzima: ungesoma 6.2, siyo 7.7. Zako bado zina seli zote nne, ila zimeishiwa. Fundi wako hajakosea kusema ndizo dhaifu kuliko zote. Alichoruka ni kuuliza kwa nini ziwe hizo mbili, na kwa nini hata zile nne nzuri hazijajaa.

Sasa chaja. Chaja nyingi za zamani zinazokuja na vigari kutoka Marekani ni zile nzito za kunguruma, zenye transfoma kubwa inayofanya kazi sambamba na kapasita. Uzuri wake ni kwamba zinavumilia sana. Ubaya wake kwetu ni kwamba volti inayotoka inategemea mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Ile transfoma yenu inashusha volti, lakini hezi haizigusi. Chaja iliyoundwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50, volti yake ya kutoka hupungua karibu kwa uwiano uleule, yaani sehemu moja kati ya sita. Ile iliyotakiwa kumalizia kwenye volti 62 inakwama kwenye 52 au 53, na hapo betri haijai hata ukiiacha siku mbili. Juu ya hayo, chaja yenyewe hupata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Hakikisha kwa macho yako. Soma kibandiko cha chaja upande wa umeme unaoingia. Kikiandika 120V 60Hz tu, jibu umelipata. Kikiandika 100–240V 50/60Hz, hiyo ni chaja ya kisasa, haihitaji transfoma, na tatizo liko kwingine. Kisha, chaja ikiwa imefanya kazi saa nane na bado imewaka, pima volti kwenye ncha kuu mbili za betri zote sita. Betri za maji zilizo karibu kujaa zinatakiwa zisome volti 59 na kuendelea, na ukifungua kifuniko cha seli usikie zinachemka polepole kama soda. Ukikuta 53 na kimya, chaja ndiyo yenye kosa.

Kwa nini kutojaa kunaua? Betri inapotoa umeme, asidi inaungana na risasi ya pleti, vile vibao vilivyo ndani ya seli, na kuwa salfeti ya risasi. Kinachobaki kwenye maji kinazidi kuwa chepesi. Kuchaji kunairudisha asidi hiyo. Salfeti ikiwa changa huyeyuka kirahisi, lakini ile inayoachwa siku baada ya siku hugeuka fuwele kubwa, ngumu, isiyopitisha umeme, na sehemu ile ya pleti inaacha kufanya kazi. Betri inayochajiwa hadi asilimia 65 kila siku kwa miaka miwili imekuwa ikijenga fuwele hizo kila siku. Ndiyo maana safari zinapungua polepole badala ya kukatika ghafla.

Na hapa nijibu swali lako la kusubiri iishe: si kweli, na kwa betri za risasi ushauri huo unaua kweli. Ulitokana na betri ndogo za nikeli na kadmiamu za simu na redio za zamani. Hizi zako zinapenda kinyume chake. Zisishuke chini ya nusu kwa kawaida, zisivuke kabisa asilimia 80 ya kutumika, na zichajiwe jioni ileile zilipofanya kazi hadi zijae. Kuchaji kila jioni hakuzichoshi. Kinachozichosha ni kulala na njaa.

Upande wa taa: betri sita zikiunganishwa mfululizo, umeme uleule unapita kwenye zote, zikitoka na zikiingia. Ukifunga taa kwenye mbili tu, hizo mbili zinafanya kazi ya kigari pamoja na kazi ya taa, lakini zikifika kwenye chaja zinapata kiasi kilekile cha wenzao. Pengo la kila siku halifidiwi. Nalo linaumiza pande zote mbili: nne zikijaa mapema zinachemka na kukausha maji bure, mbili hazijai kamwe. Mlimani nako, mbili zikiishiwa, nne zinaendelea kusukuma umeme kupitia kwenye zile zilizoishiwa, na seli dhaifu kuliko zote inaweza kugeuzwa chanya ikawa hasi. Seli iliyogeuzwa mara kadhaa huwa haiponi.

Kwa hiyo kata hizo nyaya leo. Taa na simu zilishwe na konvata ya kushusha volti 48 kuwa 12, iliyofungwa kwenye ncha kuu mbili, chanya ya mwanzo na hasi ya mwisho, ili zote sita zichangie sawa. Angalia iweze kuvumilia volti za kuingia hadi 70 hivi, kwa sababu wakati wa kuchaji volti hupanda zaidi ya 60, na zile za bei ya chini zenye mwisho wa volti 60 huungua. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, na swichi ya kuizima.

Maji sasa. Hapo Usa River unajua mwenyewe maji yalivyo: maji mengi yanayotoka upande wa Mlima Meru yana madini mengi, floridi ikiwamo, na meno ya waliokulia huko yanaeleza. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini hayaondoki na mvuke. Yanabaki sufuriani, na kwa kuwa maji yamepungua, yamekolea zaidi. Kila ukiongeza, chumvi, chuma na kloridi (klorini iliyo ndani ya chumvi) vinabaki ndani ya betri, kwa sababu kinachotoka wakati wa kuchaji ni maji matupu. Chuma huifanya betri ijiishie yenyewe ikiwa imekaa tu. Kloridi hula risasi. Maji ya mvua kutoka kwenye bati nayo yana vumbi na kutu. Nunua maji yaliyotoneshwa (distilled), yale yanayouzwa kwenye maduka ya spea. Soma chupa kabla ya kulipa, maana mtu akisikia "maji ya betri" anaweza kukupa asidi, na asidi huongezi kamwe kwenye betri iliyokwisha kutumika. Kipimo cha asidi kikiwa chini, asidi haijapotea. Imejificha kwenye pleti kama salfeti. Ukiongeza nyingine, haidromita, kile kifaa cha kupima uzito wa asidi, itakufurahisha siku hiyo, na siku betri ikijaa asidi itakuwa kali kupita kiasi na kuanza kula pleti. Vilevile mtu asikwambie mmwage maji yote na kuweka mapya.

Utaratibu wa kuongeza maji ndipo wengi wanapokosea. Kabla ya kuchaji, fungua vifuniko utazame kwa tochi. Pleti zikiwa zimefunikwa, usiongeze kitu. Zikiwa wazi, ongeza kidogo tu hadi zifunikwe kwa milimita 3 hivi. Chaji hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo ujaze hadi milimita 3 chini ya ule mdomo wa plastiki unaoshuka ndani ya tundu. Ukijaza hadi juu kabla ya kuchaji, kimiminika hutanuka, asidi inafurika juu ya betri, na uliyoipoteza hairudi kwa kuongeza maji. Betri zenye afya zikague mara moja kwa mwezi. Zilizozeeka, na vigari vinavyofanya kazi kwenye joto la Moshi kuanzia Januari hadi Machi, kila wiki mbili.

Sasa kazi ya kuzifufua. Vua saa na pete. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Mpini wa spana uuzungushie tepu ya umeme, ubaki mdomo tu; spana ikilala kwenye ncha mbili za betri kama hizi huwaka nyekundu na kuyeyusha risasi kabla hujaiondoa. Betri zinapochaji hutoa haidrojeni, na asilimia 4 yake kwenye hewa inatosha kulipuka, kwa hiyo inua kiti cha kigari, fungua milango ya banda na uache uwazi juu karibu na paa, maana gesi hiyo ni nyepesi na hupanda. Sigara na cheche zikae mbali. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali.

Kabla ya kulegeza chochote, piga picha ya nyaya zote. Weka swichi ya chini ya kiti kwenye TOW, yaani hali ya kuvutwa, kama ipo. Osha juu ya betri kwa magadi, yale ya kupikia maharage, vijiko vikubwa vitatu kwenye lita moja ya maji, vifuniko vikiwa vimefungwa vizuri. Yakitoa povu kuna asidi. Endelea hadi povu liishe, kisha suuza. Tone la magadi lisiingie ndani ya seli. Uchafu wa asidi juu ya betri, ukiwa na unyevu, unapitisha umeme kutoka ncha moja hadi nyingine usiku kucha. Sugua ncha na vichwa vya nyaya kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi ikiwekwa kati ya kichwa cha waya na ncha inazuia umeme. Kwa ncha za bolti, newtonimita 11 hadi 12 zinatosha. Ukikaza kwa nguvu zote risasi inajikunja, na ukiiacha imelegea inapata joto na kuungua. Ncha iliyoyeyuka kidogo pembeni, au waya uliokakamaa na kuwa wa kijani ndani ya plastiki yake, ni alama ya muunganiko mbovu. Badilisha waya huo kwa wa milimita mraba 25.

Kisha chaji zile mbili peke yake. Hii ni hatua muhimu: pengo lao na wenzao ni karibu nusu ya betri, na ukitegemea chaja ya kigari izifikishe, zile nne zitachemka saa nyingi bila sababu. Tafuta pawasaplai ya kurekebisha ya volti 30 na ampea 10, ile ya mezani ya mafundi wa elektroniki. Tenganisha hizo mbili na zile nne kwa kuondoa waya unaozishika pamoja na wenzao. Rekebisha pawasaplai isome volti 19.8 kabla hujaiunganisha, punguza ampea ziwe 10, kisha unganisha kwenye hizo mbili zilizobaki mfululizo. Itachukua saa 16 hadi 20. Mwanzo ampea zitakaa 10 na volti zitapanda taratibu, zikifika 19.8 ampea zitaanza kushuka. Zikishuka hadi 3 au 4 na kukaa hapo kwa saa mbili, umefika. Gusa ubavu wa betri kila baada ya muda. Uvuguvugu ni sawa, lakini ikipita nyuzi 50, yaani huwezi kuacha mkono hapo, simamisha ipoe.

Pawasaplai isipopatikana, gereji za malori zina chaja za volti 24, na betri tatu za volti 8 ni 24 kamili. Lakini njia hiyo ni ya betri tatu zenye hali moja, kwa hiyo itakufaa kwa zile nzuri kuliko hizi mbili. Usithubutu kufunga chaja ya gari dogo, ya volti 12, kwenye betri moja ya volti 8 ukaenda kulala.

Mbili hizo zikishajaa, rudisha waya ulioondoa, ndipo zile nne zijazwe na chaja sahihi ikiwa imefungwa kwenye zote sita, na chaja hiyo ndiyo fedha ya kwanza kuitoa: chaja ya volti 48 kwa umeme wa volti 230 na hezi 50, ya betri za risasi zenye maji, siyo ya lithiamu. Ukubwa wake uwe kama asilimia 10 hadi 13 ya ampea-saa za betri, yaani uwezo wake wa kutunza umeme. Betri za volti 8 nyingi ni za ampea-saa 170 hivi, kwa hiyo ampea 17 au 18 ni saizi yake. Iwe inafika volti 59 hivi na iwe na hatua ya kusawazisha. Muulize muuzaji volti ya mwisho. Asiyeijua, mwambie akufungulie kijitabu. Jambo moja la kuangalia kwanza: baadhi ya vigari vya kampuni ya Club Car vya volti 48 vina kompyuta ndogo inayoiamuru chaja, na chaja ya aina nyingine haitawaka hadi waya wa kompyuta hiyo urukwe. Hata chaja za kawaida nyingi hukataa kuwaka zikikuta betri zimeshuka sana. Ndiyo sababu nyingine ya kuziinua mbili kwanza kwa pawasaplai.

Zote sita zikishajaa, ndipo unaposawazisha: kuzichaji zaidi ya kujaa kwa makusudi, ampea chache, volti 62 hadi 64.8 kwa zote sita. Hilo linavunja salfeti iliyolegea na kuchanganya asidi iliyotulia chini ya seli. Hakikisha maji yamefunika pleti, vifuniko viwe mahali pake, na mtu awepo muda wote. Kila saa pima kwa haidromita. Vipimo visipopanda tena kwa saa tatu mfululizo, acha.

Haidromita ndiyo itakayokuambia ukweli ambao volti zinauficha, kwa sababu inapima seli moja moja. Vuta na kurudisha mara tatu kwenye seli ileile, shika wima, soma usawa wa macho. Andika zote 24 kwenye daftari: betri ya kwanza seli ya kwanza, na kuendelea. Seli iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280, nusu ni 1.172 hivi. Haidromita nyingi zimewekewa nyuzi 27 za joto, na kwa kila nyuzi 5.5 chini ya hapo unatoa 0.004. Asubuhi ya Julai, asidi ikiwa nyuzi 16, uliyosoma kuwa 1.270 kwa kweli ni 1.262. Usipime muda mfupi baada ya kuongeza maji. Yanakaa juu na kukudanganya.

Rudia kuchaji hadi mwisho na kukitumia kigari kwa kazi nyepesi mara tatu au nne, ndipo uamue. Pima tena seli zote. Zikiwa zinapishana chini ya 0.030, seti yako ni moja, endelea nayo. Zikipishana kati ya 0.030 na 0.050, sawazisha tena kila mwezi na uziangalie. Seli iliyobaki zaidi ya 0.050 chini ya wenzake baada ya yote haya imekwisha. Ongeza na kipimo cha mlimani: mtu mmoja aendeshe kwenye ule mwinuko wa vyumba vya juu, mwingine asome mita kwenye betri moja baada ya nyingine. Betri zikishuka zote pamoja hadi 7.6 au 7.7, ni kawaida ya mzigo. Moja ikiporomoka hadi 6 wakati wenzake wapo 7.6, hiyo ndiyo mgonjwa, hata kama ilisoma 8.4 ikiwa imetulia.

Ikibidi kununua, mbili au sita? Betri mpya kati ya kuukuu hujaa kwa kasi tofauti na kuishia kuzeeshwa na wenzake. Seti ikiwa na chini ya miezi sita, badilisha iliyokufa tu. Yako ina miaka miwili ya kushinda na njaa. Ikifa moja, tafuta iliyotumika ya aina ileile na umri ule. Zikifa mbili au zaidi, nunua sita, za aina moja na siku moja, na chaja na konvata ziwe zimeshafungwa. Zikitunzwa, betri hizi hufanya kazi miaka minne hadi sita, kwa hiyo hizi zako hazijavuka nusu ya safari.

Umeme kukatika usikupe hofu sana. Betri zilizotumika nusu zitahitaji saa nane hadi kumi na uniti 6 au 7 za LUKU. Ukikatika katikati, chaja nyingi za kisasa huanza upya zenyewe ukirudi; hakikisha yenu inafanya hivyo, na asubuhi mtu atazame taa ya kuonyesha zimejaa kabla ya kuchomoa. Isipowaka, acha kigari kimalizie mchana wageni wakiwa mbugani. Kuchomoa nusu mara moja si kosa kubwa, ila angalau mara moja kwa wiki chaja imalize kazi yake bila kuguswa. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita mraba 2.5 wenye ethi, fupi, isiyoviringishwa. Mkichaji kwa jenereta, chaja hiyo peke yake itataka wati 1,200 hivi.

Masika: kabla ya kukiegesha, chaji hadi zijae, weka maji sawa, osha juu kwa magadi, weka swichi kwenye TOW na uchomoe waya mkuu wa hasi, kwa sababu vifaa vya kigari hunyonya kidogo kidogo hata kikiwa kimezimwa. Betri yenyewe hupoteza asilimia 5 hadi 15 kwa mwezi, zaidi kukiwa na joto. Kila wiki nne rudisha waya, pima, chaji hadi mwisho. Betri yoyote ikishuka chini ya 8.25 usisubiri wiki hizo ziishe. Chaji siku hiyohiyo. Ukianza Machi mwishoni kwa namna hiyo, Juni wageni wanaporudi kigari kinatoka bandani na volti zake 50.9.